Bi Vyura na Sifuri Zake

Watu wakiniuliza mke wangu anafanya kazi gani, huwa nawajibu kwamba yuko idara ya maji, basi, na naendelea kushona. Nikiongeza neno moja tu, nimekwisha. Nikisema anahesabu vyura, mteja atasahau suruali aliyoileta kupunguzwa kiuno, ataketi kwenye benchi na kutaka kujua anawahesabu vipi, na wao wanatulia wahesabiwe, na je, hawamrukii usoni. Hapo asubuhi yangu imekwisha kwenda na maji.

Cheo chake ni fundi sanifu wa maabara. Mimi ni fundi cherehani. Dada yangu, ambaye hushona vifungo hapo kwenye chumba changu cha kazi na ana ulimi mkali kuliko sindano zake, husema nyumba yetu ina mafundi wawili na bado bomba la jikoni linavuja tangu mwaka juzi. Ni kweli linavuja. Mtaani wamempachika mke wangu jina la Bi Vyura, naye jina lenyewe halimkeri hata kidogo. Kinachomkera ni mtu kuanika nguo juu ya nyavu zake.

Ukiingia kwetu utakuta viatu vya mpira vyenye tope mlangoni, nyavu mbili kwenye kamba ya nguo, na ndani ya friji, kando ya maziwa, chupa za maji ya kijito zilizobandikwa tarehe. Siku moja dada alitoa chupa yenye maji ya zambarau akadhani ni sharubati, akajimiminia glasi nzima. Pua yake ndiyo iliyomwokoa. Tangu siku hiyo hafungui friji yetu bila kupiga hodi.

Hayo maji ya zambarau yalitoka kwenye kijito kinachopita nyuma ya kiwanda cha kutia nguo rangi. Vitambaa vya kiwanda kile ndivyo ninavyoshona mimi, kwa hiyo sina haki ya kujifanya mgeni katika habari hii. Zamani nilikuwa nakisoma kijito kama gazeti. Kikipita cha bluu, najua sare za shule ziko njiani. Kikipita chekundu, najiandaa kwa magauni ya harusi. Niliona ni jambo la kuchekesha, nikawa nawasimulia wateja. Mke wangu hakuwahi kucheka.

Yeye alikuwa na vituo viwili. Kituo cha juu kiko karibu na daraja la mawe, kabla maji hayajafika kiwandani. Kituo cha chini kiko hatua mia mbili chini ya bomba la kiwanda. Katikati kuna ukuta wa zege uliozuia kijito, mrefu kama mtu mzima, ambao hakuna chura anayeupanda wala kuushuka. Kila Jumamosi asubuhi, jua likiwa bado halijakolea, alipita kingo zote za kila kituo taratibu, ameinama, kwa saa nzima. Akimpata chura alimshika kwa glavu zilizoloweshwa, maana ngozi ya chura haitaki mkono mkavu, akamlaza juu ya kipande cha kioo na kumtazama tumbo kwa chini. Matumbo ya vyura wale yana madoa, na hakuna wawili waliofanana. Alimchora kila mmoja, akampa namba, akamrudisha palepale alipomtoa. Vyura wa juu waliandikwa kwenye daftari la kijani, wa chini kwenye daftari jekundu.

Yeye aliwaita kwa namba kwa sababu ni mtaalamu. Mimi si mtaalamu, kwa hiyo niliwapa majina. Namba 19 alikuwa na doa la mviringo lenye nukta nne katikati, nikamwita Kifungo. Kulikuwa na Zipu, Kiraka, na mwingine mnene niliyemwita Bwana Harusi. Jioni mke wangu akichora safi mezani, mimi nachungulia begani kwake na kuulizia hali zao, kama mtu anavyoulizia ndugu wa upande wa pili. Kifungo alikuwa daftarini kwa miaka miwili. Kila alipoonekana tena, mke wangu aliingia mlangoni akitangaza: "Kifungo anakusalimu."

Daftari hizo zilikuwa na sheria yake, na sheria hiyo naijua kuliko ninavyojua vipimo vyangu. Humo hakufutwi kitu wala hakuchanwi ukurasa. Ukikosea unapiga mstari mmoja juu ya kosa ili lisomeke, unaandika sahihi pembeni, na unaendelea.

Sasa, kamati ya mazingira ya mji ilikuwa imempa miezi minane. Meneja wa kiwanda alisema maji yale yana rangi tu, hayana madhara, na kama kweli yangekuwa na sumu basi aonyeshwe. Ripoti ya mke wangu ndiyo ingeamua kama kiwanda kitaamriwa kuchimba mabwawa ya kusafishia maji kabla ya kuyaachia, au kitaachwa kiendelee. Huko chini kuna watu wanaomwagilia mboga zao kwa maji hayohayo. Alilijua hilo kila alipovaa viatu vyake vya mpira.

Daftari la kijani, alilokuwa nalo tangu zamani, lilijaa. Daftari jekundu, alilolianza kwa ajili ya kamati, Jumamosi ya kwanza liliandikwa sifuri. Ya pili, sifuri. Ikafika Jumamosi ya kumi na moja, sifuri, hata kiluwiluwi hakuna. Alirudi nyumbani, akakaa kwenye ngazi, akavua kiatu kimoja na kukaa nacho mkononi. Mimi nilimwangalia dirishani na moyo ukaniuma. Nikajisemea, huyu mwanamke amekwenda mara kumi na moja na kurudi mikono mitupu. Mimi nikikaa siku mbili bila mteja naanza kuongea na cherehani. Yeye je?

Ndipo nikapata wazo. Naomba uelewe kwamba lilinijia kama wazo zuri.

Jumatano nilimwachia dada kazi, nikachukua ndoo ninayolowekea vitambaa na kipande cha pazia jepesi la lasi, nikaenda kituo cha juu, karibu na daraja la mawe. Kukamata chura si kazi ya mtu aliyezoea kukaa. Nilianguka mara tatu, mara ya tatu nikaanguka na miwani. Lakini mkono wa fundi ni mwepesi, na ilipofika saa nne nilikuwa na vyura thelathini na wanne. Nina hakika na idadi kwa sababu niliwahesabu nikiwa na fahari. Nikafunika ndoo kwa lasi nyeupe, nikakata njia ya mtaani, nikakutana na dada uso kwa uso anatoka kununua uzi.

"Kaka," akasema, akiitazama ndoo, "hiyo lasi inaimba."

Nikamwambia ashike njia yake. Nikazunguka kiwanda, nikashuka hadi chini ya bomba, nikawamwaga vyura wangu polepole kwenye ukingo. Siku hiyo maji yalikuwa ya kijani, nikaona hata rangi imekubaliana nao. Bwana Harusi alikuwemo, nilimtambua kwa kitambi. Nikarudi kazini nikipiga mluzi.

Jumamosi mke wangu alirudi anakimbia. Sijawahi kumwona akikimbia na viatu vya mpira, ni kitu cha kuona. Alikuta vyura kumi na saba kituo cha chini, kumi na saba wazima, akanishika mikono tukazunguka uani kama watoto, nyavu shingoni. Mimi nilicheka hadi machozi yakanitoka. Nilijiona mume bora katika mtaa mzima.

Raha ile ilidumu hadi Jumanne. Meneja wa kiwanda, mtu mpole mwenye tumbo la heshima, aliingia kwangu kupima koti. Alisema analitaka kwa ajili ya kikao cha kamati. Kwa utaratibu, hesabu za kila wiki zilipelekwa pia kiwandani, naye alikuwa ameziona. Nilikuwa nimepiga magoti na pini tano mdomoni aliponipa pole na hongera kwa pamoja.

"Mkeo ni mtu wa haki," alisema. "Vyura wamerudi wenyewe, naye kaandika wamerudi. Sasa mabwawa ya nini tena?"

Niliponea chupuchupu kumeza pini. Nikiwa pale chini na futi mkononi ndipo nilipoelewa kwamba zile sifuri kumi na moja hazikuwa kazi iliyoshindikana. Zile ndizo zilikuwa kazi. Na mimi, kwa ndoo moja, nilikuwa nimezimwagia maji. Kipimo cha mkono wa kushoto nikakiandika kwa kubabaisha.

Mtu mwenye akili angekwenda nyumbani siku hiyohiyo na kumwaga mtama. Mimi niliufyata. Nilijiambia nitasema kesho, na kesho yenyewe ikawa na kesho yake. Jumamosi iliyofuata mke wangu alikuta tisa. Iliyofuata, wanne, na kwenye matope akaokota wengine ambao hawakuruka tena, ngozi zao zikibanduka. Aliwatia kwenye chupa na kuwapeleka maabara. Aliniuliza mezani inawezekanaje viumbe vije vyenyewe mahali, halafu vife mahali hapohapo. Nikamwambia labda wamechoka. Dada, ambaye alikuwa amekuja kula kwetu, alinitazama kwa jicho ambalo mama yetu alikuwa nalo.

Ulimi wangu ndio uliomaliza mambo. Ilikuwa saa kumi na mbili jioni, mke wangu amekaa mezani anachora safi matumbo ya kituo cha chini kwenye daftari jekundu. Nilipita nyuma yake na bakuli, nikachungulia kwa mazoea.

"Ah, Kifungo huyo," nikasema.

Kalamu ikasimama. Kifungo alikuwa wa daftari la kijani. Mke wangu hakuwahi kulinganisha daftari hizo mbili, maana kati ya vituo palikuwa na ukuta wa zege, na kulinganisha vyura wa upande huu na wa upande ule ni sawa na kumtafuta jirani yako kwenye orodha ya abiria wa mwezini. Akalileta la kijani, akafungua namba 19, akaweka michoro miwili kando kwa kando. Doa la mviringo, nukta nne. Akafungua nyingine, na nyingine. Zipu alikuwemo. Bwana Harusi alikuwa katika wale wa chupa. Sikuona mahali pa kuweka bakuli.

"Ile ndoo ya kulowekea vitambaa," akaniuliza kwa sauti ya chini, "mbona inanuka tope?"

Nilimweleza yote, tangu ngazi na kile kiatu mkononi mpaka lasi. Nilitegemea atanipigia kelele; ingekuwa nafuu.

"Ulidhani nasikitika kwa sababu sikupata kitu?" alisema. "Sifuri ndicho kitu nilichokuwa nakipata. Nilisikitika kwa sababu kilikuwa kweli." Kisha akafunga daftari na kulipapasa jalada. "Na hawa walikuwa wazima, baba. Walikuwa wazima kabisa."

Hilo la mwisho ndilo lililonikaa. Niliwaua vyura thelathini na wanne kwa huruma, na kumi kati yao niliwajua kwa majina.

Kwa siku tisa mke wangu alizungumza nami kupitia kwa dada yangu. Tukiwa watatu mezani alisema, "Wifi, mwambie kaka yako anipitishie chumvi," na dada akanigeukia na kunieleza kwa utulivu kwamba chumvi inahitajika. Dada alifurahia siku zile kupita kiasi. Alianza hata kuongeza maneno yake mwenyewe katikati.

Mkuu wa maabara, mzee aliyebakiza mwaka mmoja astaafu na hapendi makuu, alimshauri mke wangu achane zile kurasa za wiki chache. Daftari jekundu lingebaki na sifuri safi, kesi ingekuwa imekwisha, na nani angejua? Mke wangu alikataa. Jioni ile alizungumza nami moja kwa moja kwa mara ya kwanza. Alisema nikatafute shati zuri, kwa sababu nitasimama mbele ya kamati na kusema nilichofanya.

Kamati ilikaa kwenye ukumbi wenye viti vya plastiki na feni moja inayogonga. Wajumbe walikuwa saba. Meneja alikaa mbele amevaa koti nililomshonea, mkono wa kushoto ukimfunika nusu ya kiganja. Nilisimama, nikajikaza, nikasimulia habari ya ndoo. Nilipofika kwenye lasi inayoimba mjumbe mmoja alianza kutikisika mabega, na nilipomaliza ukumbi mzima ulikuwa umeangua kicheko. Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akanitazama tena, akaivua tena. Nilikaa chini nikiwa nimelowa jasho mpaka kwenye ukosi.

Meneja hakucheka. Alisimama na kusema kwa upole uleule kwamba anamhurumia fundi wake, lakini kama mume anaweza kubeba vyura kwa ndoo, basi hesabu zote za mke hazina maana, za juu na za chini, za sasa na za zamani. Nilihisi maji yamenifika shingoni. Alikuwa na hoja, na hoja hiyo nilimshonea mimi, tena vizuri kuliko hata koti.

Mke wangu alisimama na daftari zake mbili. Alinigeukia na kuniuliza mbele ya watu niliwapeleka vyura wangapi. Nikasema thelathini na wanne. Siku gani? Jumatano, saa nne.

"Basi sikilizeni," akawaambia wajumbe. "Mimi nisingethubutu kufanya alichofanya huyu. Hakuna mtaalamu ambaye angeruhusiwa. Lakini kimefanyika. Vyura wazima wamehamishwa kutoka maji ya juu kwenda maji ya chini, na kila niliyemwona kule namjua kwa tumbo lake. Jumamosi ya kwanza nimeona kumi na saba. Kisha tisa. Kisha wanne. Juzi hakuna. Wenzao waliobaki juu, wiki hizohizo, wapo. Maiti nilizookota ni kumi na moja. Waliobaki sijui walikoenda, na sisemi kwamba wote wamekufa. Nasema hakuna aliyebaki."

Mjumbe mmoja aliuliza kwa nini asipime tu maji yenyewe, ahangaike na vyura wa nini. Alijibu kwamba amepima, na majibu yamo kwenye ripoti, lakini ukienda na chupa siku bomba limefungwa, utachota maji safi na kurudi nyumbani ukifurahi. Chura yumo siku zote, na anakunywa kwa ngozi. Mjumbe akajitazama mikono yake mwenyewe. Mwenyekiti akaomba aonyeshwe Kifungo, daftari zikapitishwa kutoka mkono hadi mkono, na zile kurasa mbili zilitazamwa kwa muda mrefu na watu ambao hakuna hata mmoja aliyekuwa akicheka tena.

Kiwanda kiliamriwa kuchimba mabwawa matatu. Walichimba kwa miezi kumi, wakinung'unika. Katika ripoti ya mke wangu, ukurasa wa sita, mimi nimetajwa kama "mtu asiye mtaalamu." Dada ameukata ukurasa huo kwenye nakala yetu na kuubandika ukutani mbele ya cherehani yangu, kwa pini zangu.

Adhabu yangu niliipangiwa nyumbani. Kila Jumamosi niende naye kituo cha chini, niiname saa nzima, na nikimaliza niandike hesabu kwa mkono wangu. Niliandika sifuri ya kwanza, ya kumi, ya thelathini. Mwanzoni ziliniuma kama sindano. Baadaye nikazizoea, nikawa naziandika vizuri, zimekaa sawa kama vitundu vya vifungo. Mabwawa yalianza kufanya kazi, maji yakaacha kubadilika rangi, na bado sifuri. Mke wangu alisema tope lina kumbukumbu kuliko maji. Tuliendelea.

Ilikuwa mwezi wa saba baada ya mabwawa. Nilikuwa ukingo wa pili nikikuna mgongo niliposikia kimya chake, maana kimya chake nakijua. Alikuwa amepiga magoti na kitu kidogo kwenye glavu. Hakukitazama kile kitu. Alinitazama mimi.

"Kunja suruali," akasema.

Nikakunja. Akaniambia nifungue begi, nikafungua. Nivue kofia, nikavua.

"Si mimi," nikamwambia. "Haki ya Mungu, mke wangu, safari hii si mimi."

Tulikaa ukingoni na daftari la kijani magotini. Chura alikuwa kwenye kioo, amefunikwa kitambaa kibichi, akipumua kwa hasira. Tulipitia matumbo yote, mia moja na sitini na mawili, ukurasa kwa ukurasa, yeye akisoma madoa na mimi nikitazama kwa jicho la fundi. Alipofika ukurasa wa mwisho alirudi akaanza upya. Jua lilikuwa limeshapanda tulipomaliza.

"Huyu simjui," akasema mwishowe. "Huyu kaja mwenyewe." Akalia palepale, waziwazi, na kamasi zake, na mimi nikalia pia kwa sababu sikuona sababu ya kuacha.

Akanipa kalamu niandike. Nilichukua daftari jekundu, nikaweka tarehe, na mkono wangu kwa mazoea ukaanza kuzungusha sifuri. Ulikuwa umefika nusu aliponishika kifundo cha mkono. Kwenye daftari lile hakufutwi kitu. Kwa hiyo ukilifungua leo utaikuta ile nusu sifuri imepigwa mstari mmoja, sahihi yangu iko pembeni, na mbele yake nimeandika moja.